Miwani ya Mtani

Sauti ya kwanza kunisomea masomo ya chuo ilikuwa ya mzungu, na mama hakumpenda tangu siku aliyoingia nyumbani kwetu. Mzungu mwenyewe alikaa ndani ya simu. Mwenzangu mmoja niliyesoma naye shule ya wasioona ndiye aliyenitilia programu inayosoma kwa sauti kila kinachoandikwa kwenye kioo. Walioitengeneza hawakuwa wametufikiria sisi, kwa hiyo ilisoma Kiswahili kwa ulimi wa mtu aliyeshuka kwenye ndege jana. "Habari za asubuhi" ilitoka utadhani msemaji ana kokoto mdomoni. Mimi nilizoea. Mama hakuzoea. Kila simu ilipoongea, yeye akiwa nyuma ya nyumba anachuja asali, alipaza sauti: "Mwambie huyo mzungu wako apunguze makelele! Na aanze kuamkia, humu ndani kuna wakubwa."

Sioni tangu nikiwa mdogo. Surua ilipita Itigi, ikanikuta, ikaondoka na macho. Nasema mapema ili tusisumbuane, na mtu asianze kuniambia pole. Pole nimezisikia za kunitosha mpaka uzeeni.

Baba alikuwa mtu wa reli. Sisi ni Wagogo wa upande wa Manyoni, na Itigi tulifuata kazi yake ya reli. Ubinafsishaji ulipokuja akapunguzwa kazini, akarudi porini kwenye mizinga, na mama akawa anauza asali stesheni, siku treni ikipita. Siku hizo kila kitu kilikuwa kinafunguliwa upya. Redio mpya, simu mpya, mabasi mapya, na vyuo vya watu binafsi vilivyoota kila kona. Kimoja kilikuwa Singida mjini, na tangazo lake redioni lilisema: soma ukiwa nyumbani, kwa mtandao, popote ulipo. Nililisikia tangazo lile nikiwa nimekaa mlangoni, pale pale nilipokuwa nakaa kila siku tangu nimalize kidato cha nne. Wageni wakija walinipita, wakaenda kumuuliza mama: "Na huyu naye, anakula vizuri?" Mimi nipo, masikio ninayo, mdomo ninao, lakini anaulizwa mama. Jamani, nilikuwa nachukia!

Nikamwambia baba, nataka kwenda kusomea maendeleo ya jamii, nipate cheti, niajiriwe, niwe mimi ndiye ninayekwenda kwa watu kuwauliza kama wanakula vizuri. Baba alicheka mpaka akakohoa. Mwaka ule asali ilikuwa nzuri. Nikaandikishwa.

Chuo kilikuwa na sheria zake, na mbili nilizishika kichwani tangu siku ya kwanza. Majaribio yote ya somo lazima yatumwe kwa kompyuta kabla muhula haujaisha. Na mwanafunzi akikamatwa amenakili kazi ya mwenzake, anafutwa, hakuna cha msamaha. Kufutwa kwangu mimi maana yake ilikuwa moja tu: kurudi kukaa mlangoni.

Siku ya kufungua masomo tuliitwa wote Singida. Ukumbini kuna mtu alinishika mkono, akanipeleka mpaka benchi la mbele, akasema hapa ni pa wenye mahitaji maalumu. Nikakaa. Pembeni yangu nikasikia mtu anapumua. Yule aliyenileta akasema, "Mtasaidiana," akaondoka zake. Nikamsalimu jirani, kimya. Nikamsalimu tena kwa sauti, kimya. Nikasema moyoni, haya, nimewekwa na mtu anayejisikia.

Aliyesimama mbele kutukaribisha ndiye mwalimu wa somo la takwimu, mzee mmoja Mhehe, mstaafu wa sekondari, sauti nzito kama ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Akaanza kwa utani. Alisema, "Leo nitawafundisha wastani, na mtanielewa. Mimi nina kuku wawili. Mgogo hana kuku. Kwa wastani kila mtu ana kuku mmoja. Sasa nendeni mkamwambie Mgogo akamchinje huyo kuku wake wa wastani, ale ashibe." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hata mimi Mgogo nilicheka, maana Wahehe ni watani wetu tangu enzi na enzi, na mtani akikusema unatulia huku ukitafuta la kumrudishia. Lakini jirani yangu hakucheka. Nilisikia benchi likitikisika, akakaza mwili, akasogea mbali nami kidogo.

Baadaye, watu wakiwa wanatoka, nikahisi mkono unachukua simu yangu mapajani. Mwizi! Ningefanyaje? Nilimtandika na fimbo yangu nyeupe, nadhani ilimpata begani, na nilikuwa navuta pumzi nipige yowe simu iliporudishwa mkononi mwangu taratibu. Punde ikalia, na yule mzungu akasoma: "Mimi ni kiziwi. Nakaa Mkiwa. Nilitaka kukuwekea namba yangu tu. Usinipige tena tafadhali."

Sijui nilicheka au nililia. Yule mtu aliyetupanga alimchukua asiyeona akamkalisha na asiyesikia, akasema tutasaidiana, kisha akaenda kunywa chai. Mimi siwezi kuziona ishara zake, yeye hawezi kuisikia sauti yangu. Kama si zile simu zilizokuwa zimeingia juzi juzi tu, tungekaa benchi moja mpaka tuzeeke bila kuambizana hata jina la kijiji. Nikamwandikia: "Samahani sana kaka. Bega linauma?" Akajibu: "Linauma. Una nguvu dada."

Alikuwa Mnyaturu, kijana fundi wa simu pale njia panda ya Mkiwa. Ndiyo maana alijua namna ya kujiwekea namba kwenye simu ya mtu.

Masomo yakaanza. Mtandao Itigi ulikuwa sehemu moja, duka la bwana mmoja karibu na stesheni, kompyuta chache na jenereta. Alikuwa mwema, kasoro yake maneno mengi. Masomo mengine yalikwenda. Walimu waliandika kwa mashine, mzungu mwingine, aliyetiwa kwenye kompyuta ya dukani, akasoma, nikaelewa. Takwimu ndiyo iliyonishika koo. Yule mzee hakutaka kujua habari za kuandika kwa mashine. Kila wiki alifanya mambo mawili. Alichora na kuandika somo lake kwa mkono kwenye karatasi, zikapigwa picha na kuwekwa mtandaoni. Halafu akarekodi sauti yake akizieleza zile karatasi. Kwa mzungu wangu picha ni picha, anasema "picha" na kuendelea na safari. Na ile sauti nayo ilikuwa hivi: "Tazameni hapa. Hii ukiigawanya kwa hii, ukaileta huku, unapata hii. Rahisi kabisa. Tumeelewana?"

Hatujaelewana, mzee wangu! Hii ipi? Huku wapi? Nilikuwa narudia sehemu moja mpaka mwenye duka akaja kuniuliza kama kompyuta imekwama.

Nikamwandikia yule wa Mkiwa kumlalamikia. Akajibu kwamba yeye karatasi anaziona zote, tatizo hajui zinasema nini. Namba zimejaa, mishale imejaa, mistari inapandana, maelezo hakuna hata sentensi, maana maelezo yote mzee ameyatia kwenye sauti. Mimi nikawa na maneno bila michoro, yeye ana michoro bila maneno. Nilikaa nikaifikiria ile habari, halafu nikaandika: "Wewe tazama, mimi nisikilize."

Ndivyo tulivyosoma. Jumamosi mimi niko Itigi na vifaa vya kusikilizia masikioni, yeye yuko Mkiwa mbele ya kompyuta ya rafiki yake. Namwandikia: "Anasema hii ukiigawanya kwa hii. Hii ni zipi?" Ananijibu: "Mshale unatoka kwenye jumla ya mbuzi kwenda kwenye idadi ya kaya." Basi mimi nimeelewa na yeye ameelewa, kwa pamoja. Ujumbe wa simu ulikuwa na nafasi finyu, kwa hiyo tulikwenda kwa mkato. Namba, mshale, kanuni, basi. Vichekesho vya mzee niliviruka, vingekula nafasi.

Ikafika wiki ya grafu. Nikamuuliza anaona nini. Akaandika: "Mabua. Matano yamesimama shambani. La kwanza fupi, la tatu refu kupita yote, la mwisho limedumaa." Nikaiona! Nasema nikaiona kwa maana yangu mimi. Mabua ya mtama nimeyashika tangu utotoni, najua refu likoje na lililodumaa likoje. Kila bua ni kijiji, urefu wake ni mavuno. Nilifurahi mpaka nikamsimulia mama, na mama akasema hilo somo kumbe ni la wakulima, kwa nini wanalificha chuoni.

Jaribio likaja, kila mtu akalifanya kivyake na kulituma, mimi kwangu, yeye kwake. Nilijibu vizuri. Nilijua nimejibu vizuri. Nilitembea kutoka dukani mpaka nyumbani nikiwa naimba.

Wiki iliyofuata ikatujia barua ya mtandaoni, wote wawili, sawasawa. Tumepewa sifuri kwa kosa la kunakiliana. Tufike chuoni tujieleze kabla majina hayajapelekwa kwa mkuu. Sababu ilitajwa: katika chuo kizima watu wameandika grafu ya pau, isipokuwa wawili, wa Itigi na wa Mkiwa, waliojibu kwamba bua la tatu ndilo refu kuliko mabua yote.

Nilikaa chini pale pale dukani. Sasa mimi hilo neno pau ningelipata wapi? Mzee kwenye sauti anasema "hii", kwenye karatasi kachora tu, na fundi wangu wa Mkiwa kaita alichokiona kwa jina la kwao shambani. Niliogopa. Nilikuwa nimeonja kuwa mwanafunzi, watu stesheni walishaanza kuniuliza "masomo vipi?", wananiuliza mimi, si mama. Na sasa nitafutwa kwa sababu ya mabua.

Tulikwenda Singida mimi na mama, yule kijana tukamkuta stendi. Alinigusa begani kidogo, upande ule ule niliompiga yeye kwa fimbo, nikajua ni yeye. Mama akampa chupa ya asali, akaniambia, "Amekonda, mwambie ale." Nikamwandikia. Akajibu: "Mwambie mama hofu imenimaliza."

Ofisi ya mzee ilikuwa ya walimu kadhaa, nilisikia viti vya meza tatu au nne vikivutwa vutwa. Nikaamkia, "Shikamoo mwalimu." "Marahaba." Mama na yeye walikuwa rika moja, wakasalimiana, na kama ilivyo kawaida ya wazee akamuuliza mama ni watu wa wapi. Mama akasema, Itigi, Wagogo. Kiti cha mzee kikalia.

"Ala! Mbukwenyi! Kumbe ni watani wangu!"

"Kamwene, Mhehe," mama akamrudishia salamu kwa lugha ya kwao, kama yeye alivyomsalimu kwa Kigogo, nikasikia anatabasamu.

"Haya, na mmekuja kuniomba nini leo? Maana Mgogo haingii ofisini kwa mtu bila kuomba."

Walimu wote wakacheka, mama naye akacheka. Utani huo nimeusikia tangu nazaliwa, na kwa Mgogo mwenye macho unapita tu. Lakini mtu asiyeona akiingia mahali, watu huanza kupapasa mifuko kabla hajafungua mdomo. Nimepewa sarafu stesheni nikiwa namsubiri baba, sikuomba, nimesimama tu. Kile kicheko kilinichoma, nikahisi uso umekuwa wa moto.

Mzee akabadilisha sauti. Akasoma jibu langu, akasoma na la mwenzangu, mabua kwa mabua. Akampa kijana karatasi ajieleze kwa maandishi. Kijana akaandika, akaandika, kalamu haikupumzika. Alipomaliza, nilisikia mzee anaipokea na kuitupia pembeni. "Nitaisoma baadaye," akasema. "Nawaonea huruma, kwa kweli nawaonea huruma wote wawili. Lakini kunakili ni kunakili. Kesho majina yanakwenda kwa mkuu."

Akashusha pumzi. Nikasikia akivua miwani, tak, ameiweka mezani ukingoni ili afute macho. Sikupanga. Hasira ndiyo iliyonyoosha mkono. Niliipapasa meza, nikaikuta, nikaichukua, nikaiweka mapajani na kuifunika kwa khanga.

"Mtani," nikasema, "miwani nimeikamata."

Mama alisema, "Mwanangu!" kwa sauti ambayo hajanitolea tangu nivunje mtungi. Mwalimu wa meza ya jirani, mwanamke, akasema, "Yesu wangu." Lakini haki ni haki. Mtani akikikuta kitu cha mtani wake ana ruhusa ya kukikamata mpaka kikombolewe, na mwenye kitu haruhusiwi kukasirika. Wazee wetu wamenyang'anyana jogoo na makoti kwa namna hiyo, hata misibani. Mzee alikuwa ameufungua utani yeye mwenyewe, mbele ya mashahidi. Nilimsikia akihangaika katikati ya ukali na kicheko. Kicheko kikashinda.

"Haya, Mgogo. Nimekamatwa. Unaomba nini ili niikomboe?"

"Siombi. Leo sikuja kuomba, nimekuja kudai. Nataka unifundishe somo moja tu, lile la wiki ya kwanza."

Yule mwalimu mwanamke, sijui nani alimtuma, akalifungua lile somo kwenye kompyuta yake. Sauti ya mzee ikajaa ofisini. Tazameni hapa. Hii ukiigawanya kwa hii, ukaileta huku, unapata hii. Rahisi kabisa.

"Isimamishe hapo, mwalimu," nikasema. "Mtani, hii ipi?"

"Si hiyo hapo juu, ile ya..." Kiti kikasogea, akainama kwenye kioo cha kompyuta. "Hii ni ile... ngoja. Maandishi madogo. Hebu nipe miwani nikuonyeshe."

"Yako nimeishika mimi. Yangu kaishika nani?"

Hakuna aliyecheka. Nikaendelea, maana nilijua nikinyamaza nitalia. "Umetufundisha wastani, mwalimu, siku ile ya kuku. Sasa tuhesabu. Mimi sina macho, huyu hana masikio. Kwa wastani kila mmoja wetu ana jicho moja na sikio moja. Chuo chako kimetuhesabu hivyo hivyo, kikaona tumepata kila kitu. Mimi ulinipa sauti, yeye ukampa picha. Hatukunakiliana. Tuliunganisha nusu mbili tukapata somo moja. Yeye ameyaona mabua, mimi nimesikia maana yake, na majibu kila mtu kajibu peke yake. Ungesema pau hata mara moja, tungeandika pau."

Nikasikia chupa za asali zikigongana kwenye kikapu cha mama. Mzee akasema polepole: "Nirudishie miwani, binti. Nisome karatasi ya mwenzako."

Akaisoma. Aliisoma yote, nilihesabu pumzi zake nikachoka. Halafu akasema hataki maneno ya mtu, anataka kuona. Akampeleka kijana chumba kimoja, mimi akanitoa nje barazani, mbali kabisa, simu zetu akampa mama azishike. Akakaa nami yeye mwenyewe na somo jipya, la wiki ambayo haijafika, akalieleza kwa mdomo. Mwanzoni alikuwa anateleza, "hii hapa, yaani, hapana, samahani, jumla ya kaya". Nilimwacha ahangaike. Baada ya muda akashika njia, na nakwambia, alikuwa mwalimu hasa! Aliijenga ile hesabu kwa maneno mpaka nikaona kila namba ilipokaa. Kisha akaenda kumwandikia kijana yale yale, sentensi kwa sentensi. Tukafanya maswali, kila mtu na upande wake.

Sifuri ikafutwa. Mimi nilipata B. Yule wa Mkiwa alipata A, na hajaacha kunikumbusha mpaka leo.

Tukiwa stendi tunasubiri gari, simu ikalia. "Kwa nini ulimpora mzee miwani? Nilikuwa nimeshaangalia mlango ulipo nikimbie." Nikamwandikia kwamba ni mtani wangu. Akajibu: "Sasa hilo la kuniambia baadaye? Jasho limenitoka mpaka kwenye viatu."

Sisemi chuo kilibadilika chote kwa siku moja. Kuna walimu walioendelea na "hii hapa" yao mpaka tumemaliza. Mtandao ulikatika, jenereta ilizimika, na kuna jaribio moja niliandikia ombi la muda zaidi mpaka nikachoka na vidole. Lakini mzee alirudi kwenye masomo yake kuanzia la kwanza. Alirekodi upya, akitaja kila kitu kwa jina lake, na yule mwalimu wa meza ya jirani akawa anampigia chapa kila neno analolisema ili liwekwe chini ya michoro. Siku somo la grafu liliporudi mtandaoni nilikwenda dukani mapema. Sauti nzito ikasema: "Grafu hii inaitwa ya pau, au kama wanavyosema wataalamu wa Itigi na Mkiwa, mabua. Yako matano. La kwanza, kushoto kabisa, ni fupi." Mwenye duka alinikuta nafuta machozi, akaniuliza kama kompyuta imekwama.

Jioni ile nikiwa nyumbani, simu ikalia. Fundi wangu. "Nimesoma somo la kwanza mpaka la mwisho. Wameandika kila kitu anachosema. Kumbe mzee anachekesha?"

"Tangu siku ya kwanza," nikamjibu.

Ujumbe uliofuata ulichelewa, nikadhani salio limemwishia. Halafu mzungu akausoma, kwa ile sauti yake isiyojua huzuni wala furaha: "Siku ile ukumbini niliona watu wote wanacheka. Nilikuwa nimekaa mbele. Nilidhani wananicheka mimi."

Nikalikumbuka lile benchi lilivyotikisika, na alivyosogea pembeni. Kumbe alikuwa amekaa na hilo muda wote, kwenye kila Jumamosi yetu ya namba na mishale. Kisha nikaanza kuandika. Nikamwandikia kuku wa wastani, neno kwa neno, nikigawanya ujumbe vipande vipande bila kujali nafasi. Nikamwandikia cha wiki ya pili, cha wiki ya tatu, vyote nilivyoviruka na ambavyo mzee hakuvirudia, na nilivyosahau nikavitungia mwisho wangu. Mama akaita chakula, nikamwambia atangulie. Akaita tena, nikamwambia nakuja.

Simu ikalia. Mzungu akasoma, moja moja, kama mtu anayehesabu magunia: "Ha. Ha. Ha. Ha. Ha."

Mama akasimama mlangoni na mwiko. "Leo huyo mzungu wako ana nini?"

"Anacheka, mama," nikasema. "Mwache acheke."